Konsuli Aliyeapishwa kwa Mkasi

Hekesi alimwona yule mgeni kabla hajamaliza kushuka ngazi za ndege, na moyo ukamwambia: huyu wangu. Mgeni alikuwa na suti nyeupe, kofia nyeupe na viatu vyeupe, na usoni alibeba ile kiu ya mtu aliyetajirika bila kuheshimiwa. Hekesi aliijua kiu hiyo vizuri. Alikaa Auckland, huko New Zealand, miaka ishirini akiwauzia watu wa namna hiyo viwanja ambavyo havijawahi kuwepo, mpaka waliouziwa wakaanza kuulizana anakolala. Hapo ndipo alipoikumbuka Niue, kisiwa alichozaliwa, na mkeka wa sebuleni kwa shangazi yake Tialupe.

Kulala kwa Tialupe hakukuwa bure. Kisiwa chetu ni jiwe moja kubwa lililotupwa baharini, na kupanda magimbi huku ni kutafuta udongo katikati ya mawe, kama mtu anayetafuta punje ya wali kwenye ndevu. Msimu wa kupanda ulikuwa unabisha hodi, na shangazi alikwishamwonyesha kipande chake cha mawe. Kwa hiyo Hekesi alikuwa na haja moja tu duniani: apate kitita cha kumwondoa kwa ndege ya Ijumaa ya pili, arudi mjini mwenye suti na mtaji, na asiinamie gimbi tena mpaka anaingia kaburini.

Bahati nzuri, msimu wa uwongo nao ulikuwa umeiva. Sisi Niue tunajitawala, ingawa pasipoti tunayosafiria ni ya New Zealand, na kwa muda mrefu dunia ilituchukulia kama uchafu wa nzi kwenye ramani. Kisha ghafla mataifa makubwa yakaanza kugombea kutupenda. Leo linakuja moja kututambua rasmi, kana kwamba jana tulikuwa mashetani, hatuonekani. Kesho linakuja jingine na shehena ya viti vya plastiki, likiuliza kwa upole lile la jana lilileta nini. Wajumbe wao hushuka wamebana tai kwenye jua la saa saba, hutabasamia kamera, hula magimbi yetu kwa kuyaogopa, kisha huondoka wakisema urafiki wetu ni wa milele. Sisi wote kwa pamoja hatujazi uwanja wa mpira, lakini kura yetu kwenye mikutano ya visiwa vya Pasifiki inahesabika, basi hatukosi wachumba.

Hekesi aliwatazama wachumba hao akajiuliza swali la haki kabisa: ikiwa mataifa yanauziana heshima mchana kweupe, kwa nini yeye asifungue kibanda chake?

Jioni hiyohiyo alimkuta mgeni kwenye baraza ya hoteli, akitazama bahari peke yake.

"Nyangumi umewaona?" akamuuliza, akivuta kiti bila kukaribishwa.

"Nimewaona."

"Na wao wamekuona? Nauliza kwa sababu mtu wa hadhi yako haji kutazama tu. Lazima naye atazamwe."

Mgeni akageuka taratibu. Aliitwa Gaston Verhulle, mtu wa Ubelgiji, na baada ya bia mbili alifunguka kama bomba lililopasuka. Alikuwa anauza vyoo.

"Mji wangu mzima nimeuwekea vyoo, bwana," alisema kwa uchungu. "Meya anakalia choo changu. Jaji anakalia choo changu. Kila mtu anakalia mali yangu, na hakuna hata mmoja anayenikaribisha kukaa. Kwenye karamu ya mji wananiweka mlangoni mwa jiko."

"Mlangoni mwa jiko," alirudia Hekesi, akitikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti. "Sikia, Mheshimiwa. Hili nisingelisema, lakini nimekuonea huruma. Nchi yangu inatafuta konsuli wa heshima huko kwenu. Kibao cha shaba mlangoni. Bendera kwenye gari. Askari wa barabarani badala ya kukuandikia faini, anakupigia saluti."

Verhulle akameza mate. "Bei gani?"

"Bei?" Hekesi alijiegemeza nyuma, kaumia. "Mheshimiwa, heshima ya taifa haiuzwi. Upo mchango tu."

Sasa, mtu asidhani muuza vyoo huyu alikuwa zezeta. Alikuwa mroho, na mroho ni zezeta mwenye masharti.

"Mimi mfanyabiashara," alisema. "Sitoi bahasha kichochoroni. Nataka nitajwe hadharani, mbele ya watu, wakubwa wakiwepo na chakula kikiwepo. Nikishatajwa, ndipo bahasha itoke mfukoni. Kabla ya hapo, sitoi hata senti."

Hekesi alirudi kwenye mkeka wake akiwa na kichwa kizito. Uwongo anao, mteja anaye, lakini hadhara ataitoa wapi? Huwezi kukodi taifa. Alijigeuza huku na huku mpaka alipowasikia wanawake jikoni wakibishana idadi ya nguruwe, na akakaa kitako mara moja. Jumamosi ile Ikinofo, mjukuu wa Tialupe, alikuwa anakatwa nywele.

Kwa mila yetu, kijana huyo hakuwa ameguswa na mkasi tangu kuzaliwa. Nywele zilimfika kiunoni, na siku ya kuzikata watu wangetoka kila kijiji, jamaa wangeshuka kutoka Auckland, pasta angeomba, spika zingeunguruma, na vyakula vingepangwa chini ya maturubai kama ukuta. Mgeni asiyejua lugha yetu angeapa kwamba amefika ikulu.

"Shangazi," alisema Hekesi asubuhi, kwa sauti ya asali, "nina mgeni wangu mmoja. Ningependa aje Jumamosi."

Tialupe alikuwa anamenya magimbi. Hakuinua macho. "Huyo muuza vyoo?"

"Umemjuaje?"

"Suti yake anaifua binti wa jirani yetu Moka, pale hotelini. Mwanamume mzima unavaa nyeupe kwenye kisiwa cha vumbi, unategemea usijulikane? Mlete. Tena akae mbele."

"Mbele kabisa?"

"Mgeni wako ni mgeni wangu. Au unamwonea haya?"

"Hapana, Shangazi. Ni kwamba yeye ni mtu wa kimyakimya. Watu wasimsumbue kwa maswali."

"Nani atamsumbua? Atapokelewa vizuri kama wenzake wote."

Mtu yeyote aliyekulia hapa angeisikia sentensi hiyo ikifunga mlango nyuma yake. Hekesi alisikia asali tu. Alikwenda hotelini kumpa Verhulle habari njema: baraza zima la nchi limekubali, na Jumamosi ndiyo Siku ya Kutambuliwa.

Siku ilipofika, Verhulle alikalishwa kiti cha mbele, kati ya pasta na sajini wa polisi, ambaye ni binamu yake Hekesi na alikuja kwa ajili ya nguruwe. Hekesi alikaa nyuma ya bega la mgeni akiwa na tai nyekundu, afisa itifaki wa kujiteua. Mbele yao nguruwe wabichi walilazwa kwa safu, magimbi yamerundikwa marefu kuliko mtu, samaki na kaa wa nazi juu yake.

"Yote haya kwa ajili yangu?" alinong'ona Verhulle.

"Tulijizuia, Mheshimiwa."

Mzee Togakilo, mshereheshaji, alishika kipaza sauti, akawakaribisha watu kwa lugha yetu kijiji kwa kijiji, akawatania wa Mutalau kwa kuchelewa na wa Hakupu kwa kuwahi chakula.

"Anasemaje?"

"Anataja mikoa inayokuunga mkono."

Pasta akaomba. Verhulle akasimama, mkono kifuani. Kisha Ikinofo akaletwa, amekalishwa kwenye kiti kilichofunikwa shuka la maua, nywele zake zimegawanywa vishungi vishungi na kila kishungi kimefungwa riboni.

"Mtoto huyu nani?"

Hekesi hakujiandaa kwa swali hilo. "Huyu... ndiye Taifa."

"Taifa lina nywele nyingi."

"Ni nchi changa, Mheshimiwa."

Hapo Mzee Togakilo akaanza kuita majina. Aliyeitwa wa kwanza, mjomba kutoka Lakepa, alikwenda akapokea mkasi, akakata kishungi kimoja, akambusu kijana, akatoa bahasha na kuiweka kwenye kapu lililokuwa miguuni pake. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu vilevile. Miaka ishirini ya Auckland ilimfanya mjanja huyu akumbuke karamu na kusahau mkasi. Alisahau kwamba kwetu hakuna anayezikata nywele za mtoto kwa mkono mtupu, na hakuna anayekaa mbele asiitwe.

"Wote wanatoa bahasha," alisema Verhulle, macho yamemtoka.

"Hao ni... makonsuli wengine. Lakini wewe, Mheshimiwa, ya kwako utanipa mimi. Hapa hapa, chinichini."

"Kwa nini mimi chinichini na wao hadharani?"

Kabla Hekesi hajapata uwongo wa kujibu, spika zikaunguruma: "Na sasa mgeni wa Hekesi, Bwana Gaston Verhulle wa Ubelgiji!"

Ametajwa. Mbele ya watu, wakubwa wapo, chakula kipo. Verhulle akainuka kama mtu anayeitwa peponi, akavuta bahasha kutoka mfuko wa ndani, nene kiasi kwamba suti ilionekana kukonda. Hekesi akamdaka kiwiko.

"Mheshimiwa, bahasha kwa afisa itifaki. Ndiyo sheria."

"Ni kweli," ilisema sauti mbele yao, kwa Kiingereza kilichonyooka. Tialupe alisimama pale na mkasi mkononi, gauni lake la kanisani limepigwa pasi mpaka linakata. "Afisa itifaki ni mimi. Karibu sana, bwana. Kata hapa, kwenye riboni nyekundu. Halafu weka humu, watu wote wakuone."

Verhulle alimtazama Hekesi, kisha akamtazama mwanamke ambaye pasta alikuwa amemwachia njia. Hakuhitaji kufikiri. Alikata, akainama, akaweka. Watu wakapiga makofi, na muuza vyoo akalia machozi ya kweli.

"Hizo nywele ni zako," Tialupe alimwambia. "Zitunze."

Hekesi alilitazama lile kapu. Lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiatu chake, na lingeweza kuwa mwezini. Kati yake na kapu walikuwepo pasta, sajini na kisiwa kizima, na yeyote atakayenyoosha mkono kwenye kapu la mtoto aliyekatwa nywele, bora aogelee mwenyewe mpaka Tonga.

Shangazi hakuwa amemaliza. Alimnong'oneza Mzee Togakilo, naye akainua kipaza sauti tena. "Jamani, mniwie radhi, kuna jambo. Zawadi hii, ambayo ni kubwa kuliko zote leo, imeletwa kwa jasho la Hekesi. Sisi tulimsema. Tulisema amerudi mikono mitupu, tulisema anakula tu. Kumbe kijana wetu alikuwa anamwandalia mtoto wa binamu yake. Hekesi, simama tukuone."

Akasimama. Wazee walimkumbatia, mama mmoja akamvisha shada la maua, na Hekesi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisifiwa kwa wema mbele ya watu wake, akabubujikwa na machozi. Watu walisema ni upendo. Mimi nilikuwepo, nikamwonea huruma kidogo, kisha nikaenda kuchukua nyama.

Jioni alimvamia Tialupe jikoni. "Shangazi, umeniibia."

"Nimeiba nini?"

"Umemdanganya yule mtu."

"Mimi? Nimemwambia karibu, kata, weka. Uwongo uko wapi? Wewe ndiye uliyemwambia kwamba mjukuu wangu ni Taifa. Nilikusikia." Akamsukumia nguruwe mzima na rundo la magimbi. "Fungu lako hilo. Aliyetoa kikubwa anarudishiwa kikubwa. Hatumli mtu bure sisi."

Huo ndio utajiri wa Hekesi: nguruwe mbichi asiyeingia kwenye ndege, na hata angeingia, wale wakaguzi wa vyakula pale Auckland wangemtupa kwenye pipa na mwenyewe wakamtoza faini.

Ijumaa Verhulle aliondoka. Hekesi alimsindikiza uwanjani bila begi, na Tialupe alikuja naye kwenye pikapu yake, kwa adabu. Konsuli mpya alikuwa ameweka kishungi chake kwenye kijisanduku cha pete.

"Mwakani namleta shemeji yangu," alisema, akiwapa mikono. "Ana viwanda vya mabomba. Nimempigia simu kumweleza, hakulala. Ila yeye hataki ukonsuli. Anataka ubalozi kamili."

"Aje," alisema Tialupe. "Tutamtambua."

Ndege ikapaa. Hekesi aliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta, na rohoni mwake kitu kilianza kuchangamka upya.

"Shangazi, huyu wa mabomba tugawane nusu kwa nusu."

"Mjukuu wa Moka nywele zimemfika mabegani," alijibu Tialupe, kama hakusikia. "Mwakani zitakuwa zimeshuka. Moka nimeshazungumza naye. Lakini balozi kamili huwezi kumlaza njaa, anataka marundo mara mbili ya yale. Kile kipande chako hakitoshi. Nimekuongezea cha pili, upande wa Liku."

"Upande wa Liku ni mawe matupu!"

"Ndiyo maana uanze leo."

"Na nikikataa?"

Tialupe alielekeza kidevu chake upande wa kivuli, alikosimama sajini akila ndizi. "Basi nenda pale ukamweleze binamu yako wewe ni afisa itifaki wa serikali ipi."

Hekesi alimtazama sajini. Sajini akampungia mkono, bado anamsifu kwa ile Jumamosi. Hekesi akalegeza tai, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akapanda nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mbegu za magimbi.