Maji Matamu Yanayoanguka Baharini

Samad Ash-Shan, Oman
12 Septemba 1985

Kwa Mheshimiwa Mwenye Meli ya Kutazamia Barafu,
Alaska, Marekani.

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, na natumai wewe, watu wako na milima yako mu wazima. Mimi ni Humoud bin Mahrous, yule mzee wa kilemba na bakora aliyepanda meli yako mwezi wa Julai kwa safari ya kutwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimezaliwa Unguja, na ndicho ninachoweza kugombea nacho vizuri. Atakufasiria mwanangu Muslim, anayesoma huko, na ambaye wakati wa likizo wewe humweka melini awaeleze abiria habari za barafu na wanyama. Naye yumo katika mashtaka haya, kwa hivyo msimamie asiruke mistari.

1. Kahawa. Binti yenu alinimiminia kikombe. Nilipokinai nikakitikisa, kama afanyavyo kila mwenye adabu kutoka Sur mpaka Nizwa akitaka kusema inatosha. Akakijaza. Nikatikisa kwa nguvu zaidi, akakijaza mpaka ukingoni. Mgeni hamwagi kahawa ya mwenyeji, basi nikanywa vikombe tisa, na cha tisa nilikitikisa kwa mikono miwili. Muslim amesimama pale pale, anacheka.

2. Wanyama wenu hawakufunzwa kupokea wageni. Nyangumi nilimsubiri saa mbili kwenye baridi, na makoti mawili mwilini. Alipotoka akatuonesha mkia, akazama. Kwetu mwenye nyumba hampi mgeni mgongo. Sili nao walikuwa wamelala juu ya barafu, wanene, saa nne ya asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Fisi maji alikuwa akila chali, tumbo kalifanya sinia. Hata karibu ya uongo hakutupa.

3. Nilimwomba nahodha asimamishe meli kwa rakaa mbili tu, maana mimi msafiri. Akasimamisha, Mungu amlipe, lakini meli ikawa inazunguka polepole na Kibla inanihama. Nilianza nimeelekea Makka, nikatoa salamu nimemwelekea mama mmoja mwenye kamera.

4. Maji. Mimi ni wakili wa falaji hapa, yaani ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka kwenye mitende. Kazi yangu kugawa zamu. Kila mtu ana athari yake, nusu saa ya maji, na kwa athari moja wapo watu walionuniana miaka kumi. Mwaka huu mvua imetukimbia, maji yanafika kifundoni tu, na mitende ya upande wa juu imeanza kukauka. Sasa nisimamishwe mbele ya jabali zima la maji matamu, ninyamaze? Nilishika saa. Katika athari moja yalianguka mapande saba, kila moja kubwa kuliko msikiti wetu, yote ndani ya maji ya chumvi, na abiria wanapiga makofi! Nikauliza wakili wenu ni nani. Muslim akasema hakuna, barafu huanguka ipendavyo. Bwana, neema kubwa namna ile haiachwi bila ya wakili. Nataka ianguke kwa zamu, na zamu ya alasiri iandikwe Samad. Namna ya kuifikisha mtaijua nyinyi, mliofika mwezini.

5. Mmenichukulia mwanangu. Nilimpeleka akasome, arudi anirithi uwakili, maana macho yangu hayakioni tena vyema kivuli cha kijiti tunachopimia zamu. Sasa ananambia anataka miaka mitatu zaidi, asome barafu. Barafu! Hata hapa mjini Ibra inauzwa! Kwa hivyo naomba, kwa adabu zote, mumfukuze kazi siku mtakayoipata barua hii. Mkikosa sababu, andikeni kuwa anamcheka baba yake mbele ya abiria.

Nisalimie nahodha, binti wa kahawa (mwambie ndio kwanza usingizi umeanza kunirudia), yule mama wa kamera, na sili wote, wakiamka.

Mimi, mwenye kudai haki yake kwa upole,
Humoud bin Mahrous
Wakili wa Falaji

Nyongeza: Muslim mwanangu, hapa usifasiri. Ile chupa ya chai uliyonitilia kipande cha barafu ulichokiopoa baharini, nimefika nayo. Ndani yake mlikuwa na maji tu. Nilitaka kuyamwaga uani, mama yako akanizuia, akayaonja, akasema hayana chumvi hata chembe. Kisha akaniuliza kama kule una furaha. Sikuweza kumdanganya. Ulipokuwa ukiwaeleza wale watu umri wa barafu ile, wote walishusha kamera zao, na mimi nisiyejua neno la Kiingereza niliona fahari mpaka machozi yakanitoka. Nilikwambia ni baridi. Mama yako anasema mji wenye kiu unahitaji mtu anayejua maji yanatoka wapi, na kwamba umalize. Basi maji yale nimeyamimina kwenye falaji, katika zamu yetu, nikayafuata kwa miguu mpaka kwenye ule mtende tulioupanda mwaka tuliorudi kutoka Unguja, wewe ndiye uliyeushika mche. Soma hiyo miaka mitatu. Kivuli ananisomea dada yako Shukriya, na hakosei.

Barua hii ichane. Ila yule binti mwambie mzee akitikisa kikombe, basi. Mwakani nakuja na mama yako.