Uzinduzi wa Pumzi ya Mzee Mansukh

Kwa niaba ya Kamati ya Uzinduzi wa Pumzi Majumbani, ambayo mimi ni katibu wake, nina heshima ya kuutangazia umma kwamba Mwanza sasa inapumua kwa kufuata utaratibu.

Mashine ya oksijeni ya Mzee Mansukh, fundi cherehani mstaafu wa Mabatini, tulikuwa nayo stoo tangu Machi. Hatukuichelewesha. Tulikuwa tunaitafutia mgeni rasmi. Siku ilipofika tuliifunga utepe, tukaipandisha hadi kwake juu ya mawe, ngazi mia na kumi na nne.

Mzee alikuwa kitini, mpira puani, akivuta mtungi wake wa mwisho.

"Kaka, mshale wa mtungi umeshaingia kwenye nyekundu," mkwewe Bhumika aliniambia. "Washeni kwanza, mtahutubia baadaye."

"Dada, mashine ambayo haijazinduliwa bado haipo," nilimwelimisha. "Hilo unaloliona ni boksi."

Mheshimiwa Kashindye, mgeni rasmi, akatokea ngazini, kitambi mbele, suti imelowa. Hakusalimia mtu. Akajibwaga kwenye sofa.

"Oksijeni," akahema. "Niwekeeni."

"Bado risala, Mheshimiwa."

Mwongozo aliousaini mwenyewe uko wazi: mnufaika asome risala, ndipo utepe ukatwe. Ukikiukwa, mashine inarudi stoo. Na kamera za televisheni zilikuwa zinamtazama.

"Basi asome! Haraka!"

Nikampa mzee kurasa nne nilizomwandikia.

"Mheshimiwa... mgeni..." Akavuta pumzi. "...rasmi..." Akavuta tena. "...kwa furaha..."

"Huyu atamaliza Krismasi!" Mheshimiwa akahema.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo," Bhumika akasema. "Ulidhani tumeomba feni?"

Hapo Mheshimiwa, kwa hekima yake, akatoa agizo. "Mwekeeni yeye! Apate pumzi, amalize!"

Agizo halijaisha, Bhumika alishakata utepe kwa mkasi wa cherehani. Mashine ikaunguruma. Tukasubiri. Taratibu midomo ya mzee ikaacha ubuluu, mabega yakashuka. Akazikunja kurasa zangu, akazikalia.

"Kijana," akamwambia Mheshimiwa, "kwenu hamwaamkii wakubwa?"

"Shi... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa vizuri. Risala yangu sijaandikiwa na mtu."

Alizungumza saa moja na dakika ishirini, kamera zikiwaka. Katika taarifa nimeandika kwamba mgeni rasmi alisikiliza kwa utulivu mkubwa, bila kumkatiza hata mara moja. Kila alipofungua mdomo amkatize, ulitoka upepo tu.