Harufu Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tunasafiri Jumamosi. Nimeandika hili kwanza ili lisije likabishaniwa baadaye. Mama mkwe anakwenda kumwona mdogo wake, ambaye hali yake si nzuri, na ambaye ametuma ujumbe kwamba anataka kumwona dada yake angali ana macho ya kumwonea. Mama mkwe hawezi kuketi kwenye basi. Daktari amesema nyonga yake inaruhusu safari ya kulala tu. Katika ukoo mzima, mtu mwenye gari lenye kitanda ni mmoja. Ni mimi.

Gari-nyumba hili nililinunua likiwa limetumika, nilipostaafu ukarani wa mahakama. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza vipuri vya magari, mtu wa sauti kubwa, huliita banda lenye usukani. Jumamosi ataliita vingine.

Kuna tatizo moja. Friji ndogo ya garini imezimika. Dawa za macho za mama mkwe lazima zikae kwenye baridi. Friji inategemea betri ya ndani, iliyo katika kasha chini ya kitanda, na betri hiyo imechoka. Mke wangu amemweleza kaka yake bila kunishauri. Shemeji akapiga simu kusema kwamba betri huenda ina kiu ya maji yake, kwamba chaja yangu ni ya kizamani na haijui kujizima, na kwamba atakuja kuitazama. Nimemshukuru. Nimemwambia asisumbuke.

Mpango wangu ni huu. Chaja itabaki imechomekwa mpaka Jumamosi. Betri iliyoshiba wiki nzima haitakuwa na la kusema barabarani.

Nilipofungua kasha nilikuta tundu ubavuni, linatazama nje. Linaingiza vumbi. Mende pia. Sijui ni fundi gani hujenga kasha zuri kisha akalitoboa. Nimeliziba kwa kitambaa, nikamimina nta juu yake. Kazi safi. Maji ya betri sikuyatazama, kwa kuwa vifuniko vilikuwa na vumbi nami nilikuwa nimekwisha kunawa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Friji inaunguruma. Baridi ya kutosha. Nimemwita mke wangu aje aguse. Amegusa, akasema ni baridi kweli. Nilimwona alivyosimama, kama mke wa mtu anayejua kazi.

Alasiri shemeji akafika na trei ya mayai ya kuku wake. Kuku hao huwasifu kama watu wanavyosifu watoto waliofaulu. Akauliza kama maji ya betri yametazamwa. Nikajibu kwamba yametazamwa. Jibu hilo lilikuwa la kiutaratibu. Akauliza tena, maji gani, ya chupa ya duka la vipuri au ya bombani? Nikamwambia katika nyumba hii kila kitu hupewa kinachostahili. Akacheka, akanipiga begani, akasema, "Haya shemeji, usije ukatuletea mama mkavu kama hiyo betri." Wakacheka yeye na dada yake.

Mayai nimeyaweka katika friji ya garini, yawe chakula cha njiani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefungua mlango wa gari asubuhi nikapokelewa na harufu ya yai viza.

Sikupandisha sauti. Nimekaa mahakamani maisha yangu yote na najua jinsi jambo la namna hii linavyoshughulikiwa. Nimeitoa trei, nimeiweka mezani, nimemwita mke wangu awe shahidi. Kila yai limetumbukizwa katika bakuli la maji. Yote yamezama. Mke wangu akasema basi ni mazima. Nikamwambia kuzama kunathibitisha kuzama tu. Nikayavunja yote, moja baada ya jingine.

Yote mazima.

Tumekula mayai asubuhi, mchana na jioni, maana ushahidi hautupwi. Mke wangu aliacha kuzungumza nami katikati ya mlo wa pili.

Harufu bado ipo. Imezidi, kama sikosei. Hitimisho langu ni kwamba shemeji alileta yai moja la pembeni, akalificha garini ili kunivunjia heshima. Nimepekua makabati, mito, hata kisanduku cha bisibisi. Sikuona kitu. Amelificha kwa ustadi. Kasha la betri nililigusa kwa juu tu. Lina joto zuri. Betri inapata nguvu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku nzito.

Mama mkwe ameletwa kukijaribu kitanda. Nilikuwa nimetandika shuka mpya, nimenyunyiza marashi, kisha nimefunga madirisha yote ili marashi yasitoroke. Tukampandisha polepole, mke wangu mkono huu, mimi mkono ule. Akalala. Akafumba macho. Nikadhani amependa.

Akafumbua. Akasema macho yanamchoma na koo linamkereketa. Akauliza kilichofia chini yake ni nini. Nikamweleza kuhusu yai la mwanawe. Akasema, "Mwanangu, mimi nitanuka siku yangu ikifika. Usinianzishe mapema."

Akaomba ashushwe. Uani aliketi kwenye kiti chake cha kamba. Baadaye akamwambia mke wangu ampigie simu mama mdogo, amwambie kwamba dada yake haji, nyonga imekataa. Mke wangu akasema si nyonga, mama. Mama mkwe akasema anajua si nyonga, lakini nyonga haiwezi kugombana na mtu.

Simu haikupigwa. Mke wangu alikaa nayo mapajani mpaka kiza kikaingia. Nilitaka kumwambia kwamba nitalipata hilo yai.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika kwa shida, kwa sababu miwani yangu imeharibika na mkono wa kulia umefungwa bandeji.

Shemeji alifika kabla hatujamaliza chai. Ameitwa na dada yake. Akaweka mguu kwenye ngazi ya gari, akavuta pumzi mara moja, na uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona bila utani usoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba milango na madirisha yote yafunguliwe, asithubutu mtu kuwasha jiko wala kiberiti, na umeme wa chaja ukatwe ndani ya nyumba, kwenye swichi ya ukutani, kabla mtu hajagusa waya wowote garini. Akaelekea kwenye swichi.

Hilo nililisikia. Nililielewa pia. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi uani anatazama, na majirani walikuwa wamejitokeza ukutani, na mtu alikuwa akitoa amri ndani ya gari langu. Nikapanda. Nikainua ubao wa kitanda. Nikashika klipu ya chaja nikaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Palitoka cheche. Baada ya hapo sina maelezo yaliyopangika. Mlio mmoja. Godoro likasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Vipande vya betri vikapiga dari. Kitu cha moto kikanirukia usoni na mkononi, na miwani ikaingia ukungu.

Nikatoka nje. Hapo ndipo shemeji aliponishambulia. Alinikalisha chini kwa nguvu, akanimwagia ndoo nzima ya maji kichwani, kisha nyingine, kisha akaniwekea mpira wa bustani usoni, mbele ya majirani, akinishika kisogo kama mtoto anayekataa kuoga. Nilipinga. Akanifokea nifumbue macho maji yaingie. Hakuacha hata nilipomwamuru. Mhudumu wa zahanati alisema kwamba maji hayo na miwani ndivyo vilivyoniokoa macho. Hayo ni maoni yake. Shati langu limeliwa na maji ya betri, limekuwa wavu.

Mke wangu alilia. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, aliuliza kama hilo ndilo yai lenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shemeji alikuja na betri mpya kutoka dukani kwake, na chaja mpya, na mpira wa kutoa hewa. Ameuunganisha na kasha akaupitisha sakafuni hadi nje. Alifanya kazi huku akihutubia, kama kawaida yake, lakini bila kucheka. Kwamba betri ikichajiwa kupita kiasi huchemka. Kwamba hutoa hewa inayolipuka, na ikizidi kuchemka hunuka mayai. Kwamba kwa sababu hiyo kasha hutobolewa.

Kisha akanionyesha kitambaa chenye nta. Akauliza ni nani aliyeziba.

Nikasema ni mwenye gari wa kwanza.

Akakigeuza kitambaa. Kilikuwa kipande cha pajama yangu, ile ya mistari ya kijani. Anaijua, maana ni yeye aliyenipa. Akasema, basi mwenye gari wa kwanza alikuwa karibu kumuua mama yangu. Akakiweka mfukoni, akaendelea kukaza nati.

Nilitazama kitanda. Ubao ulikuwa umepasuka pale kichwa cha mama mkwe kilipokuwa siku ile. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Mama mkwe alipandishwa mchana. Alinusa kulia, akanusa kushoto, akajilaza. Tukaondoka, mke wangu nyuma pamoja naye, shemeji akiendesha kwa sababu ya mkono wangu, nami nikimwelekeza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumefika. Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni tangu alfajiri, amevaa kanga mpya. Macho yake hayaoni mbali tena. Ikabidi dada yake asogezwe mpaka magoti yagusane. Akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu. Akasema, "Umezeeka, dada." Mama mkwe akamjibu kwamba yeye pia angejiona angetafuta pa kujificha. Wakacheka mpaka mke wangu akatoka nje.

Baadaye wote wawili walitaka kulala garini, kwenye kitanda kimoja, kama walivyolala utotoni. Nikiwa nje ya dirisha nilimsikia mama mdogo akiuliza ni nani aliyemleta. Mama mkwe akasema, "Mkwe wangu. Alitaka kuniua kwanza, halafu akanileta." Nimeamua kuhesabu sehemu ya pili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Tunarudi leo. Dada wawili wako ndani ya nyumba, wanaagana tangu asubuhi. Shemeji amekwenda kununua mafuta kwa dumu. Kabla ya kuondoka ameniomba nisiguse kitu. Ameniomba mara mbili.

Hata hivyo mama mkwe alipoamka alilalamika kwamba kibaridi kilimpiga miguuni. Nilichunguza. Kinatoka kwenye huo mpira wa shemeji. Mtu anamtengenezea mama yake mzazi kitanda, halafu anamwachia bomba la upepo chini ya miguu. Siwezi kulinyamazia. Nimeuziba kwa soksi ya sufu. Ni safi, imefuliwa jana. Nta sikutumia, kwa kuwa sasa najua madhara yake.

Chaja mpya ya shemeji ina taa nyingi na siiamini. Nimeiweka kando, nikaunganisha ile yangu ya zamani, niliyokuja nayo chini ya kiti, kwenye umeme wa nyumba ya mama mdogo. Inafanya kazi kwa bidii.

Mama mdogo ametupa kikapu cha mayai ya njiani. Nimekiweka garini.

Ndani ya gari kumeanza kunuka. Nimemwita mke wangu, na kwa utulivu kabisa nimemtaka akamwulize mama yake mdogo mayai haya yametagwa lini.