Fukara wa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Novemba
Ile shule ya serikali ya vipaji imetangaza: nafasi ishirini ni za watoto wa bondeni, maana mtihani kila mwaka unachagua wa huku mlimani tu. Jambo la haki kabisa! Sisi tunakaa mlimani, lakini hilo linarekebishika. Binti yangu anasema atapita kwa alama zake mwenyewe. Utoto huo. Nimemtoa orodha ya kawaida, nikamwandikisha ya bondeni. Karani kanionya kwamba ukitoka huwezi kurudi. Nani arudi?

Jumatano, 5 Novemba
Dobi wetu anakaa bondeni, chumba kimoja, na binti yake ambaye naye ameomba. Nikamwomba anipe anwani yake. Akauliza wanachukua watoto wangapi kwa nyumba moja. Mmoja, nikasema, ila tusitangulie mambo. Akaendelea kufua. Nikamkumbusha ni nani humletea mashuka kila Jumamosi. Akatoa ufunguo. Mama mwelewa sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimevaa kandambili na fulana yenye matundu (nimeyatoboa mwenyewe). Mwalimu mkaguzi wa ile shule kaja chumbani kwa dobi kuona makazi. Nikamwambia naishi hapa miaka sita, maisha ni kuvumilia tu. Akatazama kamba ya nguo. Akazidi kuitazama. Lahaula! Suruali ya tatu kutoka mlangoni ni yake! Akasema analeta nguo hapa miaka minane na hajawahi kuniona. Nikasema huwa niko kazini. Akaniomba basi nimpigie pasi hiyo suruali. Pasi ya mkaa. Nimeungua vidole viwili. Binti wa dobi akarudi kutoka shule, akanipa shikamoo, akanimwagia maji vidoleni, akaimaliza suruali. Mkaguzi akamuuliza jina lake, akaandika.

Jumanne, 11 Novemba
Majibu yametoka. Binti wa dobi kapata. Wangu kafutwa kwa udanganyifu. Karani kanionyesha alama zake: kwenye orodha ya kawaida angekuwa wa tano. Wa tano! Mtoto analia tangu asubuhi na hataki kuniona. Imeniuma, nakiri, nusu saa nzima. Dobi karudisha mashuka yetu bila kuyafua.

Yaliyopita si ndwele. Mwakani ni zamu ya mdogo wake, na nasikia mayatima wana nafasi zao. Nimemweleza mke wangu kwamba itabidi nife, kwenye karatasi tu. Nilidhani atapinga. Ameuliza lini.