Pakruok ya Mwalimu Mirumbe Hewani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari njema kabla ya chai. Naibu wa mwalimu mkuu amehamishiwa Migori. Kaondoka na godoro lake, hata hakuaga. Kiti chake ki wazi. Nimepita mlangoni makusudi nikakitazama. Kitanitosha.

Tunaokitaka ni wawili: mimi wa Historia, na Angwenyi wa Hisabati, anayevaa kalamu tatu mfukoni kama daktari. Madam Edith, mwalimu mkuu wetu, alisema stafruumu kwamba anatafuta kaimu anayesikiliza wanafunzi. Angwenyi akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatikisa zaidi.

Jioni wasichana wa Kidato cha Tatu waliniletea maji kutoka ziwani, kama kila jioni. Pipa limejaa. Bata wangu wameoga. Maisha ya hapa Kisegi ni mazuri, siwezi kulalamika.

Jumanne, 10 Juni 2025

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Wazazi wetu hawaji mikutanoni. Wengine wanachimba dhahabu Masara, wengine wana vibanda Migori mjini, wengine wako ziwani. Lakini wote wana simu. Basi Ijumaa tufanye baraza la wanafunzi mubashara, watoto waongee, wazazi watazame huko huko waliko.

Madam Edith alifurahi sana. Alisema hilo ndilo jambo alilokuwa akilingoja. Angwenyi akauliza wanafunzi watasema nini. Nikamjibu kwamba watasema yaliyo moyoni mwao.

Usiku huu nimeanza kuwaandikia yaliyo moyoni mwao.

Jumatano, 11 Juni 2025

Mazoezi yamekwenda vibaya. Omanga wa Kidato cha Nne alisoma kwamba Mwalimu Mirumbe ni nguzo ya shule hii, uso umemkunjamana kama aliyemeza kwinini. Hakuna mzazi atakayeamini.

Nikakumbuka harusi moja Mbita. Muziki ulisimamishwa, mtu akainuka akajisifu: yeye ni nani, katoka wapi, kafanya nini, na marafiki zake ni akina nani. Watu wakashangilia hadi turubai ikatikisika. Wajaluo huita pakruok. Mimi ni Mkuria, ila macho ninayo. Nikawaambia watupe makaratasi. Kila mmoja atajipigia pakruok, na ndani yake asimsahau Mwalimu Mirumbe.

Nyuso ziling'aa papo hapo. Madam Edith aliniuliza kama pakruok naijua vizuri. Nikasema naijua sana.

Joyline, mwenyekiti wa baraza la wanafunzi, akauliza kama itakuwa pakruok ya kweli, maana mtu akiwa katika pakruok hakatizwi. Nikasema hatakatizwa yeyote. Akaniomba nirudie hayo mbele ya Madam. Nikarudia. Mtoto makini, nampenda.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Mtandao unapatikana karibu na jikoni tu. Tutakaa hapo, moshi uwe upande wa Angwenyi.

Huyu Angwenyi alikuja na kisimamio cha simu alichokichonga mwenyewe. Nikakikataa. Sitaki atajwe kwenye shukrani. Nimetumia mpini wa jembe na mpira wa baiskeli.

Kisha akaanza mambo yake. Kwamba Joyline alikuwa wa kwanza darasani katika Hisabati, na sasa ameanguka hadi karibu na mkia, na anataka kusomea uhandisi. Kwamba saa ya masomo ya jioni yeye na wenzake wako njiani na ndoo. Akaomba niwaache wapumzike. Nikamwambia maji hupanua mapafu, na kesho watahitaji mapafu.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Tulianza vizuri. Wazazi wakaingia kwa wingi, salamu zikamiminika kutoka Masara. Omanga alijisifu kuwa dume la ugali, rafiki wa Mirumbe, mwalimu asiyewahi kuchelewa chakula. Watu wakacheka. Nikainama kidogo mbele ya kamera.

Akainuka Joyline. Alisema yeye ni nyar Kisegi, binti wa hapa hapa, ambaye baba yake anakula vumbi Masara ili yeye asome. Shingo yake imemshinda punda. Kitabu cha Hisabati amekisahau lakini njia ya ziwani anaijua gizani, kila jiwe. Wanafunzi wakapiga kelele. Akasema yeye ndiye mwogeshaji mkuu wa bata wa Mwalimu Mirumbe, bata laini, bata wanaooga kabla yake, na yeye akirudi bwenini maji yamekwisha.

Nilitaka kuzima. Lakini pakruok haikatizwi, na niliahidi mara mbili. Nikabaki nimeshika mpini wa jembe.

Baba yake akaandika kutoka Masara kwamba ameweka nyundo chini. Anauliza ni lini alimleta mtoto shuleni kuogesha bata. Zubair, mwenye duka la vitambaa Migori, ambaye binti yake Idil yuko darasa moja na Joyline, akauliza hao bata ni wa kidato gani. Nilicheka. Kisha nikakumbuka ni bata wangu.

Niliona aibu, sitaficha. Mpini ulianguka wenyewe pamoja na simu, na wazazi wakamalizia kwa kutazama anga.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Madam Edith ametangaza paredini. Kuanzia leo hakuna mwanafunzi atakayemchotea mwalimu maji. Jioni ni ya vitabu. Kaimu naibu ni Angwenyi. Akasema Angwenyi hujichotea maji mwenyewe tangu aje. Mimi nilidhani haogi.

Jioni nilichukua ndoo. Njia ni ndefu, na ina mawe kweli. Bata wakanifuata kwa mstari hadi ziwani, wakaingia majini wenyewe, wakapiga mbizi, wakatoka wamefurahi. Miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba bata ana miguu.

Niliporudi, taa za Kidato cha Tatu zilikuwa zinawaka. Joyline ameinamia kitabu, Idil kando yake, Angwenyi anachora pembetatu ubaoni. Nilisimama dirishani na ndoo kichwani nikiwatazama. Nilifurahi. Kabisa. Maji yakaniingia sikioni.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Wazazi wameomba baraza liwe mubashara kila Ijumaa. Madam amelikabidhi kwa wanafunzi wenyewe. Wanachagua mada, wanachagua wasemaji, mwalimu haandiki neno.

Leo Joyline na kamati yake walikuja kwangu na adabu zote. Wamekata shauri mpini wa jembe hautoshi, wanataka mtu mrefu wa kushika simu. Angwenyi ni mfupi. Wakapiga kura, nikachaguliwa mimi. Joyline alisema hata nilipoaibika sikuzima, na hilo wamelikumbuka. Nikakubali kabla hajamaliza.

Kesho mada ni chakula cha shule. Mwakilishi wa elimu wa kaunti ameahidi kutazama, na nasikia shule ya jirani nayo haina naibu.

Nimeichunguza simu jioni yote. Pale pembeni kuna alama ndogo. Ukiigusa, kamera inageuka na kumwonyesha anayeishika. Joyline atakapofika kwenye maharagwe, nitaigusa. Nimeshapiga shati pasi.