Steriyo ya Afisa wa Paa

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mikumi, pamoja na madereva wa malori wanaopita kwenda Iringa, kwamba kuanzia mwaka huu wa elfu moja mia tisa sabini na tano hakuna binadamu atakayelala chini ya nyasi. Nyasi ni chakula cha nyati. Mtu aliyepata uhuru hulala chini ya bati.

Tangazo hilo niliandika mimi, Vitalis, Afisa wa Paa na Kuta, na nikalisoma mwenyewe sokoni kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wakati ule nilikuwa na kofia, muhuri na kopo la rangi nyekundu. Nyumba ya nyasi niliichora X ukutani, na siku ya kumi na nne inabomolewa. Mwenye nyumba alikuwa huru kabisa kushukuru.

Mimi mwenyewe niliishi katika Nyumba ya Mfano Namba Moja. Sakafu saruji, kuta saruji, bati juu. Sikuweka mkeka wala pazia, kwa sababu vingeficha saruji. Wageni kutoka Kilosa waliletwa kuitazama, wakasifu, wakatoka nje haraka kufuta jasho.

Humo ndimo nilimoweka steriyo. Ilikuwa na spika mbili, ilicheza santuri, na iliendeshwa kwa betri ya lori. Nilitaka kusikiliza dansi nikiwa nimekunja nne kama watu wa Morogoro mjini. Nikaiwasha. Mwimbaji alisikika kama anagombana na mwenye nyumba wake, na tarumbeta ilikwaruza mpaka meno yakaniuma. Elizabeti, mke wangu, alichukua sufuria akaenda kupikia uani.

"Ni sauti ya kisasa," nilimwambia. "Masikio yako hayajazoea."

"Na kichwa kinachoniuma, nacho hakijazoea?"

Nikaunda Kamati ya Ulainishaji wa Sauti. Wajumbe walikuwa wawili: mimi mwenyekiti, na Beda, fundi redio wa pale barabarani. Fungu la kamati lilikuwa vile vitu vyangu ambavyo vingeweza kutoweka nyumbani bila Elizabeti kuuliza, na vitu hivyo havikuwa vingi. Katika awamu ya kwanza nilitoa saa yangu ya mkono, Beda akanipa spika nyingine. Kelele ikawa ileile, ila sasa sikujua imedumu kwa muda gani.

"Ndugu Afisa," alisema Beda, akikuna kichwa, "mashine nzima hii. Mimi ningeitazama nyumba."

Nilimwambia nyumba hiyo imetazamwa na watu wakubwa kuliko yeye, nikamfukuza kwenye kamati. Awamu ya pili niliiendesha peke yangu. Nilimpa dereva wa lori baiskeli yangu na steriyo yangu, naye akanipa steriyo aliyotoka nayo Zambia, yenye vifungo vingi na taa ya kijani. Niliibeba kichwani hadi nyumbani, nikaifunga, nikaiwasha. Mwimbaji bado alikuwa anagombana, safari hii na ukoo mzima.

Basi nikawa afisa asiye na saa wala baiskeli, anayekagua paa kwa miguu, na watu walipoona nimechelewa walisema naimarisha kujitegemea.

Wakati huohuo nilikuwa nimeichora X nyumba ya Bi Siwema, jirani yangu, mjane wa makamo ya mama yangu. Aliijenga na marehemu mume wake, na hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa mkwe wake katika kijiji cha Ulaya, huku huku Kilosa, ambaye hakuwa akipatana naye. Nilipofika na kopo langu aliniambia, "Mwanangu, salamu kwanza." Nikamjibu kwamba shikamoo hutolewa baada ya saa za kazi. Nikachora. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile naona haya.

Siku ya kumi na tatu, mchana, narudi zangu nimechoka, nikasikia dansi. Nilisimama katikati ya njia. Gitaa lilitiririka taratibu, na mwimbaji, ndugu zangu, alikuwa anabembeleza! Muziki ulitoka kwa Bi Siwema. Wivu ulinikaba. Mjane wa nyumba ya nyasi amepata wapi mashine kushinda ya afisa?

Niliingia bila hodi. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Bi Siwema alikuwa kwenye mkeka anabangua karanga, na Elizabeti wangu yuko pembeni yake anatikisa mabega.

"Bibi," nilisema, "sitauliza umeipata wapi. Mimi ninayo nyingine nyumbani, ya Zambia, ina taa ya kijani. Tubadilishane, na nitakuongezea meza."

Walitazamana. Elizabeti aliziba mdomo kwa kanga.

"Tazama vizuri, mwanangu," alisema Bi Siwema. "Taa hiyo ni rangi gani?"

Ilikuwa ya kijani.

"Nimeileta asubuhi," alisema Elizabeti. "Ilikuwa ama itoke yenyewe, ama nitoke mimi. Nikasema, nyumba hii kesho mnaibomoa, na ibomoke nayo."

"Kwako sauti inagonga saruji inakurudia usoni," alisema Bi Siwema. "Hapa udongo na nyasi vinaimeza. Hata mtoto akilia kwangu halii kwa ukali. Lakini hukuniuliza, ulikuwa kazini."

Nilivua kofia. Nikasema lililokuwa limechelewa siku kumi na tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa futa alama yako."

Rangi ya serikali haifutiki, hiyo ni sifa yake. Asubuhi yake ilibidi nikunje suruali, nikanyage udongo, na kuikandika X kwa mikono yangu mbele ya wanawake wanaotoka kisimani. Hawakucheka. Walinisalimia kwa heshima kubwa mno, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ndipo Landrova ikasimama. Alikuwa Ndugu Lupakisyo, mkubwa wangu kutoka Kilosa, amekuja kushuhudia ubomoaji.

"Vitalis, nini hiki?"

"Uboreshaji wa ukuta, mzee," nilisema, udongo ukinichuruzika viwikoni.

Alikuwa ameshafungua mdomo kunifukuza kazi. Bi Siwema akaweka santuri. Mdomo wa Ndugu Lupakisyo ulibaki wazi, kisha ukafungika taratibu. Alivua viatu. Aliinama mlangoni, akatoa shikamoo ambayo hakuna aliyemwamrisha kuitoa, akakaa mkekani mpaka upande wa kwanza ukaisha. Akaomba ugeuzwe.

"Bibi," alisema mwishowe kwa sauti ya chini, "na mimi kule Kilosa ninayo. Kubwa kuliko hii. Nyumba ni ya saruji. Mke wangu amehamia jikoni."

"Pole, baba."

"Nyumba hii haibomolewi," aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na mpango huo peke yangu. Kwa kweli nilikuwa nao.

"Ahsante," alisema Bi Siwema. "Ila mvua haziko mbali, na paa linavuja upande ule. Nanyi mmesema wenyewe sokoni, anayenufaika achangie nguvu kazi."

Tulisema hivyo kweli. Mimi ndiye niliyesoma.

Kwa hiyo saa nane mchana maofisa wawili walikuwa juu ya paa wanafunga nyasi kwa kamba, huku Bi Siwema akielekeza kutoka chini na muziki ukipanda laini kupitia miguuni mwetu. Soko zima lilikuja kuangalia. Nilimweleza Ndugu Lupakisyo kwamba katika taarifa tutaandika paa limekaguliwa kwa karibu.

Alikuwa anatazama kwangu. Kutoka kule juu Nyumba ya Mfano Namba Moja ilionekana vizuri, na Elizabeti alikuwa amesimama mbele yake na kopo langu la rangi, tupu. X yake ilianzia kwenye bati ikaishia kwenye msingi, na ilinyooka kuliko zote nilizowahi kuchora.