Jiko la Paskalina na Droo za Mataifa

Jumatatu, 5 Julai 1976

Nimelishona jiko la marehemu ndani ya gunia. Kasmir, fundi bati wa Msimbazi, anatengeneza majiko kama hili na kuyauza Kariakoo mchana kweupe! Mabati mawili, moja ndani ya jingine, katikati majivu ya kushindilia. Akili hiyo ilikuwa ya mke wangu, Paskalina. Alimchorea Kasmir, kaka yake, sakafuni kwa kipande cha mkaa, nami nikiwepo. Nikitoka zamu kiwandani, hata nichelewe vipi, nilikuta mboga ingali moto.

Azma yangu: nimpatie hataza, ile haki ya mvumbuzi, jina lake liandikwe mahali. Kwenye msalaba wa kaburi niliandika kwa rangi. Masika yameifuta.

Kwenye ofisi ya hataza mjini nikampata karani, Bi Candida. Akauliza, ndugu, mna nini guniani? Nikasema siri. Akasema haki hiyo hupewa anayeieleza siri yake hadharani. Mtego! Nikaondoka na gunia langu.

Nimekula baridi. Jiko limeshonwa guniani, chakula sikukipasha moto.

Jumatano, 7 Julai

Nimekwenda tena. Pamefungwa. Saba Saba! Mlinzi akaniuliza kama gunia nalo linakwenda kwenye sherehe.

Paskalina ndiye aliyekuwa akinikumbusha sikukuu.

Alhamisi, 8 Julai

Nimefumua gunia. Bi Candida akanifungulia kabati la droo, zimejaa karatasi za uvumbuzi wa mataifa. Kumbe zamani kila nchi ilipanga kivyake. Waingereza na namba zao, Wamarekani na zao. Jiko hilohilo huku limewekwa na moto, kule limewekwa na vyombo. Mtafutaji anapotea. Sasa upo mpangilio wa pamoja, herufi A mpaka H. A ni mahitaji ya binadamu. F ina mashine, taa na joto.

Nikaomba droo ya wanawake wa Masasi, kwao Paskalina. Haipo. Akasema hawapangi kwa aliyetengeneza, wanapanga kwa kazi ya kitu. Nikaelewa. Ni kama sokoni: nazi kwa nazi, dagaa kwa dagaa, wala hakuna anayemuulizia mkwezi.

Akauliza, basi jiko lako linafanya kazi gani, ndugu? Nikamweleza. Linapika. Linakausha sare yangu wakati wa mvua. Linanisubiri. Hapo akaacha kuandika. Akasema, kwa upole, kwamba kusubiri hakuna droo.

Akafungua F. Hakutafuta sana. Karatasi ya bwana mmoja wa nchi ya baridi: mabati mawili, majivu katikati. Alipoiandika, Paskalina alikuwa hajazaliwa. Na hata lingekuwa jipya, akasema, kwa sheria yetu lazima likubaliwe kwanza na Waingereza, ndipo sisi tuliandikishe hapa. Waingereza! Paskalina hakuwahi kuvuka bahari hata kwenda Kigamboni.

Nimerudi kwa miguu na jiko kichwani. Sikutaka watu wa basi wanione uso.

Jumamosi, 10 Julai

Bwana wa baridi yuko mbali. Kasmir yuko karibu. Nikaenda Msimbazi kumtukana. Matusi niliyapanga vizuri njiani.

Nikamkuta mama mmoja mnene akipatana bei. Akasema, we Kasmir, nipe Paskalina kubwa, na lisiwe na kutu kama lile la shoga yangu!

Matusi yakanipotea. Kasmir akaniambia, shemeji, tangu tulipomzika dada yangu majiko haya nayaita hivyo. Hata Jangwani wanayaita hivyo. Ungekuwa unakwenda sokoni mwenyewe ungejua.

Nikakaa juu ya rundo la mabati nikalia. Kasmir akanisogezea kikombe cha kahawa, akaniomba nilie upande wa pili, bati likilowa linashika kutu.

Jumatatu, 12 Julai

Nimetafakari. Kosa nimeliona. Ni droo! F ndiyo iliyotuponza. Yule bwana wa baridi alikuwa amekaa humo anatungoja. Kesho nampelekea Bi Candida jiko lilelile, nimelipaka rangi ya bluu asilitambue, aliweke kwenye A, mahitaji ya binadamu. Yupo binadamu anayehitaji kuliko mimi?

Kasmir asijue. Atakuja kuiga hata rangi.

Nimelishona tena guniani, safari hii kwa kamba ya katani.

Nimekula baridi.